Jedwali Lije na Chanzo Chake

Tangu kipakiaji cha U-Boot kianze kujenga majedwali ya ACPI, yanayoielezea kerneli vifaa vya mashine, kwanza kwenye mashine za x86 mwaka 2015 na baadaye kwenye ARM, baadhi ya wenzetu wanasema programu huria imemkaribisha adui. Kwao mti wa vifaa (device tree) unatosha, na ACPI ni mzigo wa Windows tuliojitwika bure. Toleo hili limetokana na mabishano hayo, na msimamo wangu siufichi: majedwali hayo yaingie.

Hofu yao ninaielewa. Mti wa vifaa ni data tupu: anwani, namba za ukatizaji, jina la chipu. DSDT, jedwali mojawapo la ACPI, inabeba AML, msimbo unaotekelezwa ndani ya kerneli, na mara nyingi mtengenezaji hatoi chanzo chake. Amri ya acpi katika kipakiaji cha GRUB ilionyesha hatari yake: dosari iliyotangazwa Machi 2021 ilimwezesha mwenye mamlaka kwenye mashine kupakia jedwali lake na kuupita ulinzi wa Secure Boot. Lakini Windows ya ARM haisomi mti wa vifaa, na Linux ya ARM ya biti 64 inapokea ACPI tangu 2015. Jedwali litakuwepo tupende tusipende. La kugombania ni nani analiandika, na kama mwenye mashine ataweza kulisoma na kulirekebisha.

Hapo ndipo njia ya U-Boot inaponifurahisha. Kipakiaji hiki chenyewe huijua bodi kwa kusoma mti wa vifaa. Kwenye x86, kiendeshi kilichoamshwa kutoka kwenye mti huo kinaweza kuandika sehemu yake ya SSDT, jedwali jingine la ACPI lenye AML. Kwa sehemu hiyo chanzo kinabaki kimoja, na ACPI inakuwa zao lake. Anayeipinga ACPI kwa sababu ya usiri angekuwa wa kwanza kuutetea mpangilio huu.

Gharama ya kuwa na vyanzo viwili tunaijua. Kwa miaka mingi faili za dts, yaani chanzo cha miti ya vifaa, zilinakiliwa kutoka Linux hadi saraka za U-Boot, zikaachwa humo. Linux ikasahihisha, nakala ikabaki na kosa. Bodi ileile ikaelezwa kwa namna mbili, na anayetafuta hitilafu hajui aamini ipi. Mwaka 2024 U-Boot ilianza kuvuta miti hiyo moja kwa moja kutoka hazina inayofuata Linux, na bodi moja baada ya nyingine zikaanza kuacha nakala zao. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, nami naithamini kuliko vipengele vingi vipya vinavyoshangiliwa.

Makala yetu ya kwanza, juu ya jedwali la MADT na kidhibiti cha ukatizaji cha GIC, isomwe taratibu, kalamu mkononi. Ya pili inatetea mti wa vifaa pekee. Imeandikwa vizuri ingawa hitimisho lake silikubali. Ya tatu inahusu kusaini picha za FIT.

Kwenu mnaoandaa viraka vya ACPI kwa bodi mpya: msipokee AML iliyokwisha kukusanywa, hata ikitoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Daini chanzo chake cha ASL, na kisipopatikana, kiraka kisubiri.