Maoni ya Mhariri: Mzigo Uchague Tairi, Si Bei



Katika mkutano ujao Mweka Hazina wa tawi letu ataleta ombi la fedha za kununua matairi manne, na moja la akiba, kwa ajili ya pikapu ya Chama. Tunajua maneno yatakuwa mengi. Wako watakaosema kwamba fedha hizo ni nyingi mno, na kwamba tairi la mtumba laweza kupatikana kwa bei isiyofika hata nusu. Hatuwakatazi kusema. Fedha za Chama ni jasho la wanachama, na mwenye jasho ana haki ya kuuliza. Lakini yafaa kila mtu aje mkutanoni akiijua hesabu yenyewe, asije na makelele tu.

Kwanza tukiri kosa letu. Mwaka 2023 Halmashauri ilipitisha kununua matairi mawili ya mtumba kwa magurudumu ya nyuma, na mimi mwandishi nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono. Matairi yale yalikuwa na meno mazuri, tena yaliingia katika rimu bila taabu. Tulijisifu kwamba tumeokoa fedha za Chama. Miezi michache baadaye pikapu ilikuwa inarudi kutoka mazishi ya mwenzetu, imebeba hema, viti na masufuria, na ndugu wanne wameketi ndani ya kabini. Tulikuwa hatujafika Voi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, lami inawaka. Tairi la nyuma upande wa kushoto likapasuka. Gari liliyumba likavuka mpaka upande wa malori yanayotoka Mombasa. Kwa rehema ya Mungu hapakuwa na lori dakika ile. Dereva alishikilia usukani mpaka gari likasimama majanini. Hakufa mtu, lakini ndugu mmoja aliumia bega akakaa nyumbani wiki tatu.

Wengi walimlaumu dereva, wakasema alikwenda mbio. Basi tulilitazama lile tairi, na hapo ndipo tulipoona aibu. Kosa lilikuwa limeandikwa ubavuni mwake tangu siku tuliyolinunua, ila hapana hata mmoja wetu aliyelisoma.

Kila tairi lina maandishi ubavuni. Pikapu yetu yatakiwa kuvaa tairi lililoandikwa 195R14C, na baada yake 106/104. Maana yake ni hii. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zapita kutoka ukingo mmoja moja kwa moja hadi ukingo wa pili. 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi. C yaonyesha kwamba tairi hilo limetengenezwa kwa gari la mizigo. Na 106 ni namba ya mzigo: tairi moja lenye namba hiyo laruhusiwa kubeba kilo 950. Ile 104 ni kwa magari yenye magurudumu mawili mawili kila upande, nayo ni kilo 900.

Yale ya mtumba yaliandikwa 195/70R14, na namba ya mzigo ilikuwa 91. Rimu ni ile ile, upana ni ule ule, lakini hayo ni matairi ya motokaa ndogo ya kwenda nayo ofisini. Namba 91 ni kilo 615 tu. Mawili ni kilo 1,230. Siku ile, uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma pamoja na hema, nguzo zake za chuma, viti, masufuria na magunia, twakadiria kwamba ekseli ya nyuma ilibeba kilo 1,500. Yaani tuliyapa matairi kilo 270 zaidi ya uwezo wake, tukayapeleka katika jua la Tsavo. Kama tungaliweka matairi ya namba 106, mawili yangaliweza kubeba kilo 1,900, na kilo 400 zingalibaki. Sasa, ndugu, kosa ni la dereva au ni letu tuliomnunulia?

Sisi watu wa reli tungalipaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine. Behewa halipakiwi mzigo kwa kukisia. Uzito wake limeandikiwa ubavuni, na asiyeufuata ataulizwa. Gurudumu la behewa hupimwa kwa kipimo, na ukingo wake ukiisha kupita kiasi, behewa huondolewa njiani, hata kama mwenye mzigo anapiga kelele. Mkaguzi hamwulizi mtu bei ya gurudumu jipya. Hutazama kipimo, akaandika. Mbona basi tukitoka katika njia ya chuma na kuingia katika lami tunayaacha maarifa yetu stesheni?

Tuje katika bei, maana ndipo penye ubishi. Hesabu ya tairi haifanywi kwa shilingi peke yake, bali kwa shilingi na kilomita. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lo lote. Tairi jipya la shilingi 15,000 likienda kilomita 50,000, kila kilomita yagharimu senti 30. Mtumba wa shilingi 6,000 ukienda kilomita 12,000, kila kilomita yagharimu senti 50. Yule aliyedhani ameokoa shilingi 9,000 ndiye anayelipa zaidi, na hapo hatujahesabu fundi wa pancha, wala hospitali, wala wiki tatu za mtu kukaa na bega bovu. Wazee walisema, rahisi ghali.

Twajua si kila mwanachama aliye na pikapu yake ya kubebea mboga au maziwa aweza kununua matairi manne mapya kwa mara moja. Kwa hiyo twaeleza mambo ya kuangalia, ili hata mwenye fedha kidogo asiibiwe.

Jambo la kwanza ni umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 3521, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Watengenezaji wengi husema tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama meno yake ni mazima. Usikubali kuambiwa, “Hili ni jipya, halijatumika.” Soma tarakimu mwenyewe.

La pili ni meno. Katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakiisha mpaka yakalingana na vinundu hivyo, tairi ni kipara, maana haliwezi tena kusukuma maji ya mvua, na gari huteleza kama mtu aliyevaa kandambili juu ya sabuni. Asiyeviona atie njiti ya kiberiti ndani ya mfereji. Njiti ina unene wa karibu milimita 2. Ikitokeza juu ya meno, wakati wa kununua umefika. Tena mjihadhari na kipara kilichochongwa meno upya kwa kisu cha moto. Huo mpira mwembamba uliobaki ndio uliokuwa unazifunika nyuzi, nao umekatwa. Lile ni jeraha lililopakwa rangi.

La tatu, ukilazimika kununua mtumba, litolewe katika rimu ulione ndani. Tazama kama lina viraka, kama nyuzi zimejitokeza, kama ubavu umevimba. Tairi lililovikwa mpira mpya kiwandani si baya kama gamba lake ni zima na kazi imefanywa na mafundi wa kweli, lakini twashauri lisiwekwe mbele kwenye usukani.

La nne, ikiwa una fedha za matairi mawili mapya tu, yaweke nyuma. Watu wengi huyaweka mbele. Lakini mbele likiteleza, dereva huliona kwenye usukani akapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari hugeuka likatazama lilikotoka, hasa pikapu tupu ambayo nyuma yake ni nyepesi. Hata hivyo, hii si ruhusa ya kuacha kipara mbele. Wala usichanganye aina mbili za matairi katika ekseli moja.

La tano ni njia unayopita. Tairi lenye herufi H/T ni la lami. M/T ni la matope, lina meno makubwa, lapendeza macho, lakini kwenye lami yenye mvua breki zake ni ndefu na petroli huliwa zaidi. A/T liko katikati. Pikapu ya Chama hushinda katika lami na huingia murram siku za mazishi na mikutano ya vituo vidogo. Kwa kazi hiyo, A/T au tairi la kawaida la mizigo latosha. Hatuhitaji tairi la kujionyesha.

La sita ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, likachemka ndani, kisha likapasuka. Kipimo cha upepo kimeandikwa katika kibandiko penye mlango wa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Ule uwezo wa kilo 950 ni wa tairi lililojazwa upepo kamili, si la lililolegea.

Zamani mwanachama aliweza kununua tairi la Yana lililotengenezwa hapa hapa Nairobi na wafanya kazi wenzetu, katika kiwanda cha kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone East Africa. Mwaka 2016 kiwanda kile kiliacha kutengeneza matairi, na watu mamia wakapoteza kazi. Siku hizi matairi hutoka ng'ambo kwa majina mengi, mengine hata muuzaji hawezi kuyatamka. Kwa sababu hiyo usinunue jina. Nunua namba.

Na sasa twafika penye shina la jambo. Mwaka ule ule wa 2023 tulimwandikia mwajiri mmoja barua kali kwa sababu pikapu yake, inayochukua vifaa na mafundi wa njia, ilikuwa ina matairi vipara. Tulimtajia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Tulimwambia kwamba mfanya kazi anayeona hatari kubwa ana wajibu wa kuitaja kwa msimamizi wake, na kwamba asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Yote yalikuwa kweli. Lakini siku tuliyoketi naye mezani, gari letu lililokuwa nje lilikuwa limevaa matairi ya kilo 615. Kama angalitoka nje akalisoma, tungalijibu nini? Chama kinachodai usalama kwa mwajiri, kisha kikawapandisha watu wake juu ya hatari, kimejitoa meno chenyewe.

Kwa hiyo twaomba mkutano upitishe mambo manne. Moja, yanunuliwe matairi matano mapya ya mizigo, yenye namba ya mzigo isiyopungua ile iliyoandikwa katika kibandiko cha gari, na umri usiozidi miaka miwili siku ya kununua. Mbili, liwekwe daftari la matairi, lenye tarehe, kilomita na upepo, na dereva alitie sahihi kila wiki. Tatu, dereva akisema gari halifai kutoka, halitatoka, hata kama Katibu mwenyewe anachelewa, wala dereva hatalaumiwa. Nne, nyuma ya pikapu pawe mahali pa mizigo tu; hapana mwanachama atakayepanda huko.

Tukiisha kufanya hayo nyumbani kwetu, ndipo twende kwa kila mwajiri katika tawi hili tukamwombe daftari lake la matairi. Penye watu 20 au zaidi, sheria yataka iwepo kamati ya usalama. Wajumbe wetu waingie humo wakiwa na njiti ya kiberiti mfukoni na namba kichwani. Mwajiri akisema fedha hakuna, tutamwonyesha gari letu, lililonunuliwa matairi kwa vishilingi vya watu wa mshahara mdogo.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, mahali petu pa siku zote. Pikapu itasimama mlangoni. Kabla ya kuingia, kila mtu ainame asome ubavu wa tairi, kisha aje apige kura.

Umoja ni nguvu.

Mhariri