Aliyenunua mchezo asifanywe mwizi

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga. Kamba hiyo ina sababu yake: kuku hajayazoea makao mapya, na aliyemnunua anachelea asije akatorokea alikotoka. Lakini sijapata kumwona, katika gulio la Chwele wala katika soko la Kitale, mchuuzi aliyemuuza kuku, akapokea fedha taslimu, kisha akaenda zake nyumbani na ncha ya kamba mkononi ili amvute kuku huyo siku yoyote atakayopenda. Mchuuzi wa namna hiyo angezomewa hadi atoke sokoni. Hata hivyo, ndivyo inavyouzwa sehemu kubwa ya michezo ya tarakilishi, na vijana wetu, walimu wao na wazazi wao huilipia bila kuiona kamba.

Nazungumzia makufuli ambayo kampuni za michezo hutia ndani ya programu zao ili zisinakiliwe ovyo. Makusudio ya makufuli hayo ni kumzuia haramia. Hoja yangu ni kwamba, jinsi yalivyoundwa, aghalabu humwadhibu aliyelipa na kumwacha aliyeiba akijichezea kwa raha zake. Isitoshe, katika miji kama Kitale na Bungoma adhabu hiyo huwa kali zaidi kuliko kule yalikobuniwa.

Makufuli ya awali yalikuwa ya maneno. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, michezo mingi iliuzwa pamoja na kijitabu, na bila kijitabu hicho mchezo haukuendelea. Katika mchezo wa Prince of Persia, toleo la tarakilishi la mwaka 1990, mchezaji alifika mahali akatakiwa kuitambua herufi ya kwanza ya neno fulani lililomo katika ukurasa fulani wa kijitabu. Asiyekuwa nacho alikwama papo hapo. Aliyeinunua tarakilishi kuukuu iliyokwisha kutumiwa ng'ambo, kama nyingi zilizotufikia sisi, aliukuta mchezo umo ndani lakini kijitabu kimebaki huko huko ulikotoka.

Baadaye yakaja makufuli ya diski. Mchezo ulidai diski yenyewe ya asili iwemo ndani ya mashine kila unapochezwa. Vumbi likiingia au mkwaruzo ukitokea, fedha zimepotea. Mnamo mwaka 2015 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 10, programu hiyo ilikataa kabisa kufuli lililoitwa SafeDisc kwa sababu lilikuwa hatari kwa usalama wa tarakilishi. Waliokuwa na diski halali za michezo iliyofungwa kwa kufuli hilo wakabaki nazo mikononi kama visahani vya chai. Kwa upande wa pili, nakala za kiharamia, zilizokwisha kung'olewa kufuli miaka mingi nyuma, hazikupatwa na neno.

Hatimaye yakafika makufuli ya mtandao, na haya ndiyo yanayotutesa sasa. Mwaka 2008 kampuni ya EA iliuza mchezo wa Spore kwa sharti kwamba mnunuzi angeweza kuuwasha katika tarakilishi tatu tu. Sharti hilo halikuwazuia maharamia; mchezo huo ukawa miongoni mwa ile iliyoibwa mno mwaka huo. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ikaamuru kwamba mchezaji wa Assassin's Creed II kwenye tarakilishi awe ameunganishwa na mtandao muda wote, hata akicheza peke yake. Mwezi Machi mwaka huo seva za kampuni zikashambuliwa na wahuni wa mtandaoni, na waliofungiwa nje walikuwa wale waliolipa. Mwaka 2013 yakatokea mambo yayo hayo kwa mchezo wa SimCity wa EA: wanunuzi walijaa mlangoni, seva zikalemewa, nao wakasubiri siku kadhaa. Kampuni ilikuwa imeshikilia kwamba mchezo huo hauwezi kwenda bila mtandao isipokuwa kwa kazi kubwa mno. Mwaka mmoja baadaye ikaitoa njia ya kuucheza bila mtandao.

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani. Kufuli la mtandao huchukulia kwamba umeme hauzimiki na mtandao haukatiki. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadorora katika Afrika Mashariki yote. Hizo ni siku zilizotajwa magazetini. Mkazi wa Kiminini au Kimilili anazijua nyingine nyingi ambazo hazikutajwa popote. Fauka ya hayo, mtandao kwa wengi wetu ni kifurushi cha data kinachonunuliwa kidogo kidogo kwa simu, ilhali mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi huzidi gigabaiti 50. Mzazi wa Bungoma akijibana hadi akaupakua mchezo huo, kisha ukakataa kufunguka kwa kuwa haukuipata ruhusa kutoka ng'ambo, atamweleza nini mwanawe? Jirani yake aliyenakiliwa mchezo ule ule kwenye flashi kwa bei ya soda anaendelea kucheza, umeme wa betri ukimtosha.

Wapo watakaosema kwamba michezo ni upuuzi wa watoto, na kwamba mhadhiri ana mambo mazito zaidi ya kuandika. Naomba niwapeleke darasani. Nilipokuwa nikiwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilifika katika shule moja ya msingi viungani mwa Kitale. Wazazi wa pale walikuwa wamechanga fedha wakanunua mchezo wa kufundishia tahajia na msamiati. Radi ikapiga, kama ipigavyo mara nyingi katika nyanda hizi zilizo chini ya Mlima Elgon, nayo tarakilishi ikaungua. Wakapata nyingine kwa msaada. Walipoutia mchezo wao ndani yake, ukadai msimbo mpya kutoka kwa wauzaji, na wauzaji walikuwa wamekwisha kuifunga huduma hiyo. Mwalimu aliyesimamia chumba kile akaniuliza kwa upole, "Daktari, nikiinunua nakala iliyovunjwa kufuli pale mjini, nitakuwa nimeiba?"

Swali lake linastahili jibu la haki, na sheria yetu inajikwaa inapojaribu kulitoa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamruhusu aliye na programu kihalali kujitengenezea nakala ya akiba. Hiyo ni busara, kwa maana diski huharibika na mashine huungua. Lakini sheria iyo hiyo inahesabu kulivunja kufuli la kiteknolojia kuwa ni kuikiuka hakimiliki. Basi mwalimu yule anayo haki ya kuwa na nakala ya akiba, ila hana njia halali ya kuitengeneza iwapo muuzaji ametia kufuli. Amepewa chakula ndani ya chungu kilichofunikwa, akaambiwa ale asifunue.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba nilitazame pia neno lenyewe linalotumiwa madukani. Kitenzi "kununua" hakina utata kwa Mswahili. Wabukusu wa Bungoma husema "khukula", Waganda husema "kugula", na shina hilo la kale limesalia kwetu sisi katika neno "gulio". Katika lugha zote hizi maana ni moja: fedha hutoka kwangu, kitu hutoka kwako, na kuanzia hapo kitu ni changu. Naweza kukitumia, kukiazimisha, kukigawa urithi, au kukiuza tena. Pale ambapo kitu kinabaki kuwa cha mwenyewe nami nakitumia kwa muda tu, tunayo maneno mengine: kukodi, kupanga, kuazima. Lugha yetu haikushindwa kuzitofautisha hali hizo. Kampuni ndizo zimechagua kuandika neno la kununua juu ya kitufe, na kuificha maana ya kukodi katika kurasa za masharti ambazo hakuna azisomaye.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Mchezo wa magari uitwao The Crew uliuzwa na Ubisoft kuanzia mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazizima seva, na mchezo ukafa hata kwa waliokuwa na diski kabatini. Yaliyoupata mchezo yaliwahi kukipata kitabu pia: Julai mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilikifuta kitabu cha George Orwell, 1984, kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kukilipia, kwa kuwa aliyekiuza hakuwa na haki ya kukiuza. Fedha zilirudishwa, lakini walimu na wanafunzi na watafakari: je, muuzaji wa vitabu vya karatasi angethubutu kuingia nyumbani mwako usiku akachukua kitabu na kuacha noti mezani?

Mgala muue na haki yake umpe. Wabunifu wa michezo wana haki ya kula jasho lao, na uharamia unawaumiza, wakiwemo Wakenya wenzetu. Mchezo wa Nairobi X, uliotolewa mwaka 2015, ulitungwa hapa hapa nchini, na kila anayeinakili kazi ya namna hiyo bila kulipa anaukata mkono unaomtumbuiza. Sisi walimu tunalijua donda hilo kutokana na vitabu vya fasihi vinavyotolewa vivuli katika vibanda vilivyo nje ya shule zetu, huku mwandishi asipate hata shilingi. Simtetei mwizi. Ninachopinga ni dawa inayomwacha mgonjwa na kumdunga sindano jirani yake.

Tena ipo njia nyingine, nayo imekwisha kujaribiwa. Tangu mwaka 2008 duka la GOG, lililoanzishwa na kampuni ya Poland iitwayo CD Projekt, limekuwa likiuza michezo isiyo na kufuli. Mnunuzi huipakua mara moja, akaiweka anapotaka, akaicheza bila kumbishia mtu hodi. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliutoa mchezo wake mkubwa, The Witcher 3, katika duka hilo bila kufuli tangu siku ya kwanza, na mchezo huo ukawa miongoni mwa michezo iliyouzwa kwa wingi mno duniani. Kumwamini mteja hakukuifilisi kampuni.

Tufanye nini basi? Kwanza, neno litumiwe kwa haki. Jimbo la California, ambako kampuni nyingi za michezo zina makao, lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu. Sisi hatuhitaji hata kuazima hoja. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Kinachotakiwa ni kukitekeleza.

Pili, Bunge na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya walifunge pengo lililomo sheriani. Itamkwe bayana kwamba aliyelipa, akilivunja kufuli ili atumie nakala yake ya akiba bila kuigawa wala kuiuza, hana hatia. Tatu, kampuni inayokusudia kuzima seva ilazimike kwanza kulitoa kufuli, ili waliolipa wabaki na walichokilipia. Ombi la namna hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepata saini zaidi ya milioni 1 kufikia Julai 2025, na sioni kwa nini sauti ya Mkenya isisikike pia.

Tusingoje Bunge, hata hivyo. Mwalimu mkuu anayeletewa programu ya kufundishia amwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutoa hundi. Je, itafanya kazi mtandao ukikatika? Je, mashine ikiungua, nitaihamishia nyingine bila kulipa upya? Je, kampuni yenu ikifungwa, nitabaki na nini? Majibu yaandikwe katika karatasi na kutiwa sahihi. Muuzaji asiyeweza kuyajibu huyo anakodisha, na bei yake na iwe ya kukodisha.

Nanyi wanafunzi, msiyachukue haya kuwa ruhusa ya kuiba. Anayeweza kulipa na alipe, tena ailipe kwanza kampuni isiyomshuku. Kwa yule mwalimu wa Kitale, nilimjibu kwamba kwa dhamiri yangu hajaiba, maana shule yake ilikwisha kulipa, lakini kwamba kwa sheria ilivyo siwezi kumhakikishia usalama wake. Haifai mtu mwadilifu apewe jibu la namna hiyo kwa kitu alichokilipia, na wenye uwezo wa kulibadilisha wanaketi Nairobi.