UCHAMBUZI: Mwanafunzi wa sheria wa Loitokitok asizidharau afisi za mawakili za nyumbani

KILA mwaka muhula unapokaribia kumalizika, wanafunzi wa sheria huanza mbio zile zile. Huchapisha barua, huambatisha wasifu kazi, kisha hupanda na kushuka majumba marefu ya Upper Hill, Westlands na katikati mwa jiji la Nairobi wakisaka kampuni ya mawakili itakayowapokea kwa mafunzo ya nyanjani.

Miongoni mwao wamo vijana wa Loitokitok, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya na Tanzania. Nyuma ya kijana wa aina hiyo mara nyingi kuna ng'ombe waliopelekwa sokoni, au kipande cha ardhi kilichouzwa ili karo ipatikane. Anaporudishwa mlangoni na mpokezi ambaye hata hakuifungua barua yake, hasara si yake peke yake.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha sheria mwaka 1970, na hakikuwa na mwenzake nchini hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua kitivo chake mwaka 1994. Leo vyuo vinavyotoa shahada hiyo vimepita kumi, vya umma na vya kibinafsi. Kampuni kubwa za Nairobi hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na zile chache zenye majina yanayotajwa kila siku magazetini hupokea maombi mengi kuliko viti zilivyo navyo.

Tatizo la pili ni kutotofautisha mambo mawili. Mafunzo ya nyanjani ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuo kikuu. Huchukua wiki kadhaa na alama zake huenda kwa mhadhiri. Uanagenzi ni jambo jingine. Huu ni wa miezi 6, ni sehemu ya masomo ya uwakili katika Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, KSL, na bila huo mtu hawezi kuapishwa na Jaji Mkuu kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Wakili anayemsimamia mwanagenzi sharti awe ametimiza angalau miaka 5 katika taaluma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika katika barua yake kwamba anaomba "uanagenzi" humwonyesha wakili, tangu mstari wa kwanza, kwamba haielewi njia anayoipita. Barua kama hiyo haisomwi hadi mwisho.

Lakini kosa kubwa zaidi ni lile la kudhani kwamba sheria inafanyiwa kazi Nairobi tu. Kaunti ya Kajiado ina Mahakama Kuu na Mahakama ya Ardhi na Mazingira katika mji wa Kajiado, na mahakama za mahakimu zipo Kajiado, Ngong na Loitokitok kwenyewe. Kitengela, mji uliokua kwa sababu ya ardhi na unaoendelea kukua kwa sababu hiyo hiyo, una afisi za mawakili juu ya maduka na benki kila upande wa barabara ya Namanga.

Ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kujifunzia sheria ya ardhi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake katika miaka ya themanini, na tangu hapo vipande vimekatwa na kuuzwa, vikakatwa tena na kuuzwa tena. Ploti ya futi 50 kwa 100 inayotangazwa leo kwenye bango ina historia ndefu kuliko umri wa mnunuzi wake.

Mwanafunzi akikaa wiki nane katika afisi ya Kitengela atajifunza kulisoma daftari la umiliki, si kuliangalia tu. Atagundua kwa nini wakili mwangalifu huuliza kama muuzaji ana mke, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya mwenzi katika ndoa. Atajua pia kwamba ardhi ya kilimo haihamishwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kwamba ombi la idhini hiyo linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano yafanywe. Mambo haya yamo vitabuni, naam. Lakini yana sura nyingine pale mjane anapoketi mbele ya meza akiwa na bahasha ya karatasi zilizokunjwa mara nne.

Kusini zaidi, katika eneo la Loitokitok, mambo yanachukua mkondo wa namna nyingine. Huku ndiko ziliko Kuku, Rombo, Mbirikani na Olgulului, majina ambayo kila mwenyeji anayajua kama ranchi za kikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Ranchi ya Kimana iligawanywa, na matokeo yake, mashamba ya nyanya na vitunguu, ua za seng'enge, na njia za ndovu zilizozibwa, yanaonekana kutoka barabarani.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliifuta ile ya 1968. Sasa uamuzi wa jamii iliyosajiliwa wa kuiuza ardhi yake haufungi mtu mpaka uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wanachama watu wazima. Nani ni mwanachama? Daftari liliandikwa na nani, na binti aliyeolewa Rombo bado yumo? Maswali haya hayana jibu katika kampuni inayoshughulikia mikopo ya mabenki huko Westlands. Yanaulizwa kila wiki Loitokitok.

Halafu kuna wanyamapori. Mbuga ya Amboseli iko jirani, na ndovu hawasomi mipaka ya hatimiliki. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kuiandika fidia katika sheria ni kitu kimoja. Kujaza fomu, kuambatisha ripoti ya daktari na kulifuatilia dai hadi kwenye kamati ya kaunti ni kazi ambayo mkulima wa Namelok huhitaji msaada kuifanya, na mwanafunzi anaweza kuijifunza kwa kuifanya chini ya usimamizi.

Hapo ndipo kijana wa Loitokitok ana mtaji ambao mara nyingi huusahau anapoandika wasifu kazi wake. Anazungumza Kimaasai. Huenda anajua Kikamba au Kikikuyu pia, na Kichaga cha ng'ambo ya mpaka si kigeni masikioni mwake. Katiba, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwa na mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Lakini hakuna mkalimani wa serikali katika afisi ya wakili, pale mteja anapoeleza kisa chake kwa mara ya kwanza. Wakili asiyejua Kimaasai hutegemea karani, au jirani aliyemsindikiza mteja, na jirani huyo ana maoni yake kuhusu kesi.

Kwa hivyo lugha hizo ziandikwe juu ya ukurasa, si chini kabisa baada ya "kuogelea na kutazama kandanda". Wasifu wa kurasa mbili unatosha. Barua iwe ya ukurasa mmoja, imtaje wakili kwa jina lake lililoandikwa sawasawa, iseme mwanafunzi yuko mwaka wa ngapi, atapatikana tarehe gani hadi tarehe gani, na kwa nini amechagua afisi hiyo. Sababu hiyo iwe ya kweli. "Nimewaona mkisimamia kesi za mipaka katika mahakama ya Loitokitok" ni sentensi yenye uzito kuliko aya nzima ya sifa zilizonakiliwa.

Mahakama ziko wazi kwa umma. Mwanafunzi aliye likizoni anaweza kuketi nyuma ya chumba cha hakimu siku tatu, akawasikiliza mawakili wanavyojenga hoja, akajua nani hujiandaa na nani huomba kesi iahirishwe kila mara. Hakuna tovuti itakayompa habari hizo, na huenda zikamwepusha na afisi ambayo hangejifunza kitu.

Aidha, orodha isiishie kwa kampuni za kibinafsi. Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Idara ya Mahakama na afisi za mawakili wa kaunti, zilizowekewa sheria yake mwaka 2020, zote zina kazi za kumfunza mwanafunzi. Vivyo hivyo mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka 1973.

Je, kazi yenyewe? Wanafunzi wengi hulalamika kwamba waliwekwa kutoa nakala na kupeleka barua. Malalamiko hayo yana haki yake: afisi inayomtumia mwanafunzi kama tarishi kwa miezi miwili imemdhulumu. Hata hivyo, kupeleka hati masjala si kazi duni. Karani wa masjala ndiye atakayemwonyesha kwa nini hati ya kiapo imekataliwa, na idara ya mahakama ilipoeneza uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchini kote mwaka 2024, kijana anayeijua kompyuta aligeuka kuwa mtu wa maana ghafla katika afisi ambazo mwenyewe hakuzoea kupiga chapa barua zake.

Anayetaka zaidi ya hapo aombe jambo mahususi. Badala ya kusema "sina kazi", aombe faili moja iliyokwisha kufungwa, aisome tangu madai hadi hukumu, kisha aandike muhtasari wa kurasa mbili na kumpa wakili ausahihishe. Ni mawakili wachache watakaokataa.

Mazoezi hayo yatamfaa baadaye. Katika KSL kuna masomo tisa, na alama hugawanywa hivi: mtihani wa kuandika asilimia 60, wa kuzungumza asilimia 20 na mradi asilimia 20. Uandishi wa hati, uhamisho wa ardhi, mirathi na utetezi mahakamani ni miongoni mwa masomo hayo. Anayekutana na ombi la mirathi kwa mara ya kwanza huko Karen amechelewa. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2022, Tanzania ilitikisika ilipobainika kuwa kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo ni 26 tu waliofaulu bila kurudia mtihani, hata waziri akaunda kamati kuchunguza. Malalamiko kama hayo ya kufeli kwa wingi hayajawahi kuwa mageni nchini Kenya.

Kuna jambo ambalo mji mdogo hulifanya kuwa zito kuliko jiji, nalo ni siri. Nairobi, mwanafunzi anaweza kusoma faili mia moja asikute jina analolijua. Loitokitok, faili ya tatu huenda ikawa ya mjomba wake, na mlalamikaji akawa baba wa rafiki yake. Sheria ya Ushahidi inayalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo unawafunga pia wakalimani na makarani. Mwanafunzi hana kisingizio.

Akiliona jina la jamaa, amwambie wakili siku hiyo hiyo na faili iondolewe mbele yake. Nyumbani wataulizia, wazee huuliza kwa upole, na kijana wa Kimaasai aliyelelewa kuwaheshimu atapata taabu kuwanyima jibu. Heri aseme mapema, kabla ya kuulizwa, kwamba ya afisini hubaki afisini. Mteja mmoja akisikia kisa chake kikisimuliwa Illasit siku ya soko, wakili amepoteza zaidi ya mteja huyo mmoja.

Mtego wa pili ni ule wa kuitwa "wakili" kabla ya wakati. Majirani huanza kumwita hivyo tangu mwaka wa kwanza, kwa mapenzi tu. Baadaye mmoja huja na mapatano ya kuuza shamba, akitaka yaandikwe kwa bei nafuu. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kufanya kazi ya uwakili au kuandaa hati za aina hiyo kwa malipo, na mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia kisa cha mtu aliyedaiwa kujifanya wakili mahakamani. Kijana ampeleke jirani huyo kwa wakili mwenye leseni.

Suala la malipo haliepukiki. Afisi nyingi hazimlipi mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani, na hata katika uanagenzi, Sheria ya Mawakili haikuweka kiwango cha chini. Hili ni dosari ya taaluma inayojivunia kutetea haki za wafanyakazi wengine. Mpaka lirekebishwe, hesabu inabaki ya familia: Kitengela kuna nyumba za bei ya chini kuliko Nairobi, na Loitokitok kijana hulala kwao. Ni halali, tena ni busara, kumuuliza wakili kabla ya siku ya kwanza kama kuna nauli ya kwenda Kajiado, kwa kuwa safari hiyo, iwe ya kupitia Emali au Namanga, hula siku nzima.

La mwisho ni kalenda. Mahakama Kuu huenda likizo kuanzia Agosti 1 hadi Septemba 15, na tena kuanzia Desemba 21 hadi Januari 13. Mwanafunzi anayeanza Agosti katika kampuni inayotegemea kesi za Mahakama Kuu atakuta shughuli zimepungua, na wakili mwenyewe huenda amesafiri. Mahakama za mahakimu, ile ya Loitokitok ikiwemo, huendelea kusikiza kesi. Anayelenga Mei atume barua yake Januari, kisha aende mwenyewe mwezi Februari kuuliza kama ilifika.