Kiatu Chepesi Hakiondoi Mzigo

Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa peku, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ushindi huo umekuwa hoja ya kudumu ya watetezi wa viatu vyepesi vya kukimbilia. Kinachotajwa mara chache ni kwamba miaka minne baadaye, mjini Tokyo, Bikila huyo huyo alivaa viatu, akashinda tena, na safari hii alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11.

Viatu vinavyozungumziwa ni vile vyenye soli nyembamba inayokunjika kwa mkono, vipana mbele ili vidole vitanuke, na vyenye uzito ambao mara nyingi haufiki gramu 200 kwa kiatu kimoja. Raba ya kawaida ya mbio huinua kisigino takribani milimita 10 juu ya usawa wa vidole. Hivi haviinui kabisa, au huinua milimita chache tu. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanzia kwenye lami mlangoni kwake na kumalizia kwenye njia ya vumbi na mawe: meno ya soli ni mafupi kiasi cha kutosumbua kwenye lami, na bado yanashika udongo. Sifa ya wepesi si porojo. Vipimo vya maabara vimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humgharimu mkimbiaji karibu asilimia 1 ya nishati zaidi.

Porojo zilianza pale wepesi ulipogeuzwa kuwa tiba. Mwaka 2009 kitabu cha Christopher McDougall kiliwafanya Wararámuri wa kaskazini mwa Meksiko, wanaokimbia milimani kwa ndara za matairi zinazofanana sana na katambuga, wajulikane duniani kote. Mwaka uliofuata Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliowapima pia wakimbiaji Wakalenjin wa Kenya, walionyesha kwamba watu waliokua wakikimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo hukwepa kile kishindo cha ghafla cha kisigino. Utafiti ule haukuahidi kwamba atakayewaiga hataumia. Ahadi hiyo iliongezwa dukani. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kutembea peku, wakakuta kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia kwa kasi yao ya kawaida. Kwa hiyo hata huo unaoitwa mkimbio wa asili hauna sura moja. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyenye vidole, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wanunuzi wa Marekani kuhusu madai yake ya kiafya, bila kukiri kosa.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia: viatu vinene vilivyojazwa sponji navyo havijathibitishwa kupunguza majeraha. Anayemcheka mwenye soli nyembamba kwa jina la sayansi hana alichoshika mkononi.

Jambo la kulielewa ni kwamba mzigo wa kukimbia hauyeyuki kwa kubadili kiatu, huhama. Anayetua kwa mbele ya wayo hupunguza kazi ya goti na kuiongeza kwenye vigimbi, kwenye kano kubwa ya nyuma ya kisigino, na kwenye mifupa mirefu ya wayo. Kwa mgonjwa wa maumivu ya mbele ya goti, huenda uhamisho huo ukamfaa. Kwa mwenye kano iliyochoka, ni kuondoa deni kwa jirani mmoja na kumtwisha mwingine. Tena mfupa ukipata mzigo mgeni huanza kwa kubomoa sehemu zake kuukuu kabla ya kujenga mpya. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi minne, na katikati yake mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young uliotolewa mwaka 2013, wakimbiaji wazoefu 19 walihamia viatu vyepesi kwa wiki 10. Vipimo vya MRI vilionyesha ongezeko la uvimbe ndani ya mifupa ya wayo kwa 10 kati yao.

Hapa ndipo lami inapostahili kuogopwa kuliko mawe. Kwenye njia ya vumbi kila hatua hutofautiana na nyingine, na mguu hujihadhari wenyewe. Lami hurudia hatua ile ile maelfu ya mara, na mkimbiaji hujisahau. Mwenye jozi moja kwa njia zote mbili angefanya vema kuanza na kutembea, kisha kukimbia dakika chache za mwisho wa zoezi, huku raba zake za zamani zikiendelea na kazi kwa miezi kadhaa.

Mhudumu wa zahanati ana wajibu wake. Mkimbiaji anayelalamikia maumivu mahali pamoja juu ya wayo, panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, ahesabiwe kuwa na ufa wa mfupa hadi ithibitike vinginevyo. Picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, na kumruhusu arudi barabarani kwa sababu ya picha hiyo ni kosa linaloweza kuvunja mfupa. Aulizwe amebadili kiatu lini. Mwanamke aulizwe pia kama hedhi yake imekoma, kwani mifupa yake huenda ina upungufu tangu zamani.

Kuna kundi ambalo mjadala huu wote hauwahusu. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, au aliyewahi kuugua ukoma na kupoteza hisia, hapaswi kukimbia wala kutembea katika soli nyembamba, hata kama mjukuu aliye ng'ambo amemletea jozi ya bei kubwa. Soli hiyo imebuniwa ili mguu uhisi ardhi. Mguu usiohisi hauwezi kuonywa na mwiba.

Na wale watoto wa Afrika wanaosifiwa kwa kukimbia peku kwenda shule hawakuchagua. Miguu mitupu huwapa funza na safura, na katika nyanda za udongo mwekundu wa volkano, kama zilivyo sehemu za Ethiopia, Uganda na Rwanda, huwapa baadhi ya watu uvimbe unaofanana na matende, ingawa hauenezwi na mbu. Mzazi anayemnunulia mwanawe viatu vya mitumba vinavyomtosha, vyenye soli nzima, asielezwe na yeyote kwamba anamharibia miguu.