Mama akiitwa kwenye usaili wa uongozi, nyumba nzima ijiandae

Chukua mfano wa familia moja ya Morogoro. Mama, ambaye mtaani wanamwita Mama Baraka, ni muuguzi katika kituo cha afya cha serikali na ana miaka 12 kazini. Alichukua ruhusa ya masomo, akasoma shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya pale Mzumbe, akarudi wodini kuendelea na zamu zake. Sasa ameomba nafasi ya Katibu wa Afya. Mchujo wa kuandika ameshauvuka. Kilichobaki ni mahojiano ya ana kwa ana Dodoma, na zimebaki siku nane.

Siku ya kwanza nyumba ilijaa vigelegele. Siku ya pili Mama Baraka alitoa madaftari ya chuo kwenye begi chini ya kitanda, akaanza kukariri maana ya uongozi na aina za mipango. Siku ya tatu alikuwa na macho mekundu na hasira za karibu. Mtoto wa mwisho, wa darasa la tatu, alimuuliza baba yake kama mama anaumwa.

Wengi hujiandaa hivyo. Wanarudi kwenye daftari wakati jopo linataka kusikia habari za kazini. Anayeomba kuongoza ataulizwa nadharia kidogo, halafu ataulizwa sana alifanya nini siku mambo yalipopungua: dawa, fedha, watu. Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye daftari, yapo katika miaka 12 ya kazi, na watu wa nyumbani ndio wanaoweza kumsaidia kuyatoa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kabla ya yote, familia ielewe mama anaomba nini. Katika hospitali ya serikali, Mganga Mfawidhi ndiye mkuu. Katibu wa Afya hushika uendeshaji wa kila siku: masuala ya watumishi, majengo, magari, mali, vikao na barua. Gari la wagonjwa likikosa mafuta, choo cha wodi kikiziba au mtumishi akilalamika kwamba likizo yake haikuidhinishwa, mlango unaogongwa ni wake.

Baba Baraka, ambaye ni mwalimu wa sekondari, aliposikia hayo alisema, "Kumbe ni kama makamu mkuu wa shule." Mlinganisho huo si mbaya. Makamu haulizwi kama anajua kufundisha hesabu tu, anaulizwa pia kwa nini chaki zimeisha katikati ya muhula.

"Sisi" haina alama

Jioni ya nne walifanya usaili wa majaribio kwenye meza ya chakula. Baba alikuwa mwenyekiti wa jopo. Baraka, wa kidato cha tatu, alishika karatasi ya maswali. Mdogo wake alipewa simu ahesabu dakika tatu kwa kila jibu.

Swali la kwanza: "Eleza ulivyoshughulikia upungufu wa vifaa katika eneo lako la kazi."

Mama Baraka alijibu, "Kwa kweli pale kituoni sisi tulijitahidi sana. Tulishirikiana, tukahakikisha huduma zinaendelea."

Baraka akainua kichwa. "Sawa mama, lakini wewe ulifanya nini?"

Swali hilo la mtoto lilikuwa kubwa kuliko alivyojua. Katika malezi ya wengi, kusema "mimi nilifanya" ni kujisifu, na mtu mzima mwenye adabu husema "tulifanya". Ni adabu nzuri msibani na harusini. Kwenye usaili jopo haliwezi kuipa "sisi" alama, kwa sababu "sisi" hawajaomba kazi. Wajumbe wanataka kujua mtu huyu mmoja aliyekaa mbele yao aliona nini, akaamua nini, na matokeo yakawaje.

Si lazima mtu ajitwalie kazi za wenzake. Anaweza kutaja mchango wa kila mmoja kisha akaeleza sehemu yake bila haya. Jibu la pili la Mama Baraka lilikuwa hivi:

"Nilipopewa kusimamia wodi ya wazazi, glovu zilikuwa zinaisha kabla ya mwezi kwisha, na akina mama walikuwa wanaambiwa waje na zao. Nilikagua leja nikakuta inajazwa mwisho wa mwezi tu. Nikaanza kuhesabu kila Ijumaa mwenyewe, na kiwango kikishuka napeleka maombi mapema kwa mfamasia. Mfamasia ndiye aliyefuatilia Bohari ya Dawa, na palipokosekana akaagiza kwa mshitiri wa mkoa. Baada ya miezi mitatu hakuna mzazi tena aliyeambiwa aje na glovu."

Dakika mbili na nusu. Hali ilikuwaje, kazi yake ilikuwa ipi, alifanya nini, matokeo yakawa nini. Binti mdogo alipiga makofi.

Mzazi anayejiandaa atafute visa vitano au sita vya aina hiyo: cha upungufu wa vifaa, cha ugomvi kati ya watumishi, cha mgonjwa au ndugu aliyelalamika, cha fedha, cha mabadiliko ambayo wenzake hawakuyataka. Ajizoeze kuvisimulia kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana kisa anachokijua vizuri kichwani kinaweza kukwama mdomoni.

Swali la kosa

Swali la sita liliwanyamazisha wote: "Taja kosa ulilowahi kulifanya ukiwa na dhamana ya uongozi."

Mama Baraka alisema, "Udhaifu wangu ni kwamba napenda sana kazi." Baraka alicheka. Mama hakucheka. Akasema amechoka, wakalale.

Watoto walipolala alimsimulia mumewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Wikiendi moja ya sikukuu, yeye ndiye aliyepanga ratiba ya zamu. Aliwapa ruhusa wauguzi wawili, akabakiza mmoja wodini usiku, binti mgeni kazini. Walikuja wazazi watatu. Mmoja alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na msaada ukachelewa kuitwa kwa sababu binti yule alikuwa peke yake. Mama yule alipona, lakini baada ya kukimbizwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Asubuhi mumewe alifika akauliza nani alikuwa zamu. Jina lililotajwa ni la yule binti. Mama Baraka alikuwepo, akanyamaza. Zilipita siku mbili kabla hajaenda kwa Mganga Mfawidhi kusema kwamba ratiba ilikuwa yake.

Baba Baraka alisema, "Usithubutu kuwaambia hayo. Watakukata."

Hofu yake inaeleweka. Nyumba ina ada za watoto wawili na mkopo wa bati. Lakini jopo limeshasikia mara nyingi kwamba mtu "anapenda sana kazi". Jibu hilo linawaambia wajumbe jambo moja tu, kwamba huyu akikosea atalificha. Na hospitali ambayo kiongozi wake huficha makosa hurudia makosa yaleyale, ila safari nyingine mgonjwa anaweza asipone.

Kisa kama hicho kinaweza kusimuliwa, kwa masharti. Kwanza, kiwe kimeshashughulikiwa kazini, si jambo linalosikika kwa mara ya kwanza mbele ya jopo. Pili, kisitaje jina la mgonjwa wala lolote la kumtambulisha, kwa sababu siri ya mgonjwa haiishi mtumishi anapohama kituo. Tatu, msimulizi aanze na sehemu yake ya kosa, si ya wengine. Nne, aseme alichobadilisha. Mama Baraka alikuwa na la kusema hapo: tangu wiki ile wodi haikubaki na muuguzi mmoja usiku, na jina la mtu wa kuitwa kwa dharura lilibandikwa ukutani pamoja na namba yake ya simu.

Sharti la tano alijiwekea mwenyewe. Kesho yake alimpigia simu yule muuguzi, ambaye siku hizi yuko wilaya nyingine, akamwomba radhi kwa siku zile mbili. Walizungumza kwa nusu saa. Aliporudi sebuleni alimwambia mumewe, "Sasa naweza kulisema." Baba Baraka hakubisha tena.

Ya kusoma upya

Nadharia haiachwi kabisa. Anayeomba kuongoza katika afya ya umma nchini ajue jinsi mambo yanavyokwenda. Ajue mgawanyo: zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, na hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Ajue fedha zinatoka wapi: ruzuku ya Serikali, Mfuko wa Pamoja wa Afya, malipo ya bima na malipo ya papo kwa papo. Ajue kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, jambo lililoongeza uzito wa usimamizi pale pale kituoni.

Aisome Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na aweze kueleza kwa nini fomu ya bima iliyojazwa vibaya wodini inaishia kuwa hasara ya hospitali nzima. Ajue makundi ya msamaha, wakiwemo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza, na namna ya kuwahudumia bila kuua mapato ya kituo. Kuhusu watumishi, apitie Sheria ya Utumishi wa Umma, Kanuni za mwaka 2022 na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009. Swali la mtumishi mtoro linapenda kuulizwa, na jibu la "nitamfukuza" ni kosa, kwa sababu nidhamu ina mamlaka yake na hatua zake.

Bahasha ya vyeti

Mama Baraka aliifanyia bahasha yake kile ambacho watumishi wa hospitali hufundishwa kuifanyia stoo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Vyeti halisi vyote, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea, pamoja na usajili na leseni. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti. Kitambulisho nacho kiwepo.

Akina mama waangalie hasa majina. Aliyeanza kutumia jina la mume baada ya ndoa anaweza kukuta cheti cha kidato cha nne kina jina moja na kitambulisho kina jingine. Hati ya kisheria ya kubadili jina itafutwe mapema, si usiku wa safari. Ambaye tayari ni mtumishi wa umma na anaomba kada nyingine, barua yake ya maombi inatakiwa iwe imepitia kwa mwajiri. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe, kwa hiyo viingie kwenye bajeti ya mwezi.

Je, akipata?

Swali gumu kuliko yote halikuwa kwenye karatasi ya Baraka. Lilitoka kwa mdogo wake siku ya sita, wakati wa kula: "Mama ukipata, tutahama?"

Ajira za umma zinaweza kumpeleka mtu wilaya yoyote. Familia nyingi huliacha jambo hili mpaka barua ya kupangiwa kituo ifike, halafu ugomvi unaanza wakati mtu ana siku chache za kuripoti. Na jopo linaweza kuuliza kama msailiwa yuko tayari kufanya kazi popote. Ambaye hajazungumza na mwenzake atajibu "ndiyo" kwa sauti inayotetemeka.

Baba na Mama Baraka walizungumza usiku huo. Walikubaliana kwamba akipangiwa mbali, Baraka atabaki na baba mpaka amalize kidato cha nne, na mdogo ataenda na mama. Baba ataomba uhamisho, akijua unaweza kuchukua muda. Bibi mzaa baba aliombwa aje kwa muhula mmoja, akakubali kwa sharti la kuja na kuku wake. Halikuwa jambo la kufurahisha, na binti mdogo alilia kidogo. Lakini lilisemwa, kila mtu akalisikia.

Siku moja kabla ya usaili Mama Baraka alipanda treni ya SGR kwenda Dodoma na kiatu cha chini, bahasha moja na visa sita kichwani. Watoto walikwenda shule kama kawaida. Walikuwa wameshaambiwa pia kwamba majibu hayaji siku hiyo hiyo, na kwamba mtu anaweza kufaulu asipangiwe, jina likahifadhiwa kwenye kanzidata mpaka nafasi itokee. Watoto wasipoelezwa hilo mapema, watauliza kila jioni, na kila jioni mama atajihisi ameshindwa.