Mwenye Wi-Fi Atuuzie na Simu

Kila mtu akisema kwamba wale vijana wa antena wanaotuuzia Wi-Fi kwa vocha waanze pia huduma ya simu ya intaneti, kuna jibu moja linarudi, kutoka Tororo hadi Busia: "Simu ya nini, na kila mtu ana WhatsApp?" Ukimwangalia vizuri anayejibu hivyo, ana simu kubwa, ana umeme wa kuichaji, na shangazi zake wote wana simu kubwa. Hilo ni jibu la aliyeshiba.

Mimi niseme mapema nimesimama wapi, ndio mtu asisome hadi chini akinitafuta. Watoa huduma wadogo wa intaneti isiyo na waya wanapaswa kutoa simu. Si kwa njia yoyote ile, na kuna njia moja ya kukupeleka jela ambayo nitaitaja. Lakini kusema wasiguse kabisa ni kuziachia kampuni kubwa pesa ya maskini bila hata kubishana bei.

Tuanze na hiyo WhatsApp. Haipigi kabambe, au katochi kama wanavyoita huku Uganda. Mama mkubwa wa mtu aliye Kiryandongo au kule Uvira, mwenye simu ya betri ya siku tano na tochi juu, WhatsApp kwake ni hadithi. Halafu hata wewe mwenye simu kubwa, ili ufungue WhatsApp unaombwa namba ya simu. Namba inatoka kwa laini. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho. Na hapo ndipo wakimbizi wa nchi hii tulikwama: 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilipokaza usajili wa laini, aliyekuwa hana kitambulisho cha taifa alibaki nje. Ilibidi tusubiri hadi 2019 ndio kadi ya mkimbizi na ile barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu zikubalike kusajili laini. Muda wote huo watu walitumia laini za majirani. Jirani akikasirika, namba yako imekwenda, na watu wako wote wamekwenda nayo. Kwa hiyo mtu akiniambia WhatsApp ni ya bure na iko huru, namuuliza: huru kutoka wapi?

Na Mulanda, kati ya mahali pote, haifai kusahau. Wazee wetu waliokimbia fujo za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 walivuka Malaba na Busia, wakawekwa hapa kwenye kambi ya mpito, kisha wengi wakapelekwa Kiryandongo mwaka uo huo wa 2008. Walikuja na laini za Kenya. Ukiwa pale Busia karibu na geti, laini ya Kenya inashika hata bila kukusudia. Ukiingia ndani kidogo, imebaki kipande cha plastiki, au unatozwa bei ya mgeni. Anayekimbia hakai chini kwanza kuchagua laini. Anaondoka na alichonacho mfukoni, na swali la kwanza akifika si chakula, ni "nani yuko hai?"

Sasa wale wanaosema simu ya Wi-Fi kijijini ni ndoto za wasomi, waende Gulu wakaulize. BOSCO Uganda, mradi wa jimbo kuu Katoliki la Gulu, ulianza 2007 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, wakati watu wa kaskazini bado hawajarudi makwao. Waliweka kompyuta ndogo za sola, wakaunganisha kambi kwa kambi kwa Wi-Fi ya masafa marefu, na juu ya mtandao huo huo wakaweka simu za intaneti. Mwaka 2007, jamani! Sehemu ambazo nguzo ya umeme ilikuwa haijafika. Leo, na sola zinauzwa hadi sokoni, tunaambiwa haiwezekani?

Watu wengi hawajui kitu hiki kinavyofanya kazi, ndio maana wanadanganyika. Mtoa huduma mdogo ana mlingoti, ana antena zinazoangalia wateja, na ana njia moja ya kutoka nje anayoinunua kwa kampuni kubwa. Hiyo njia ya nje ndiyo ghali. Lakini simu ya kutoka nyumba moja ya mtandao wake kwenda nyumba nyingine haihitaji kutoka nje hata hatua moja. Anaweka kompyuta ndogo yenye programu ya bure ya kuunganisha simu, anampa kila mteja namba fupi ya tarakimu tatu au nne, basi. Kituo cha afya namba fupi. Shule namba fupi. Mwenyekiti namba fupi. Kwenye kibanda cha vocha anaweka simu ya mezani inayochomekwa kwenye waya wa mtandao, kama zamani za simu ya jamii, ili hata mwenye katochi au asiye na simu kabisa apige bure ndani ya eneo. Gharama yake kwa kila simu inayopigwa ndani ni karibu na sufuri.

Ndiyo faida ambayo WhatsApp haiwezi kukupa. Tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa nchi nzima, ikakaa gizani siku kama tano. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018 hadi katikati ya 2021, tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ili tu kufungua WhatsApp na wenzake. Ilipoondolewa ikaja asilimia 12 juu ya bando. Hiyo "bure" yenu imetugharimu. Simu ya ndani ya mtandao wa kijiji haisubiri programu ya ng'ambo ili mtu amwite nesi aliye kilomita tatu.

Haya, wapinzani wana hoja nzuri pia, sitazikimbia. Ya kwanza ni ubora. Sauti haili nafasi kubwa: kwa njia ya kawaida isiyobanwa ni kama kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande, ikibanwa inashuka hadi karibu 30. Ukipiga hesabu ya karatasi unaona mlingoti mmoja unabeba watu tele. Karatasi inadanganya. Sauti hukatwa vipande vidogo, kama 50 kila sekunde kwa kila upande, na redio ya Wi-Fi inachoshwa na wingi wa vipande kuliko uzito wake. Mteja mmoja akianza kushusha filamu jioni, wewe unaongea na mama kama mko ndani ya pipa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana mnaanza kukatizana maneno. Dawa ipo: vifaa vinaweza kuambiwa sauti ipite kwanza, filamu ingoje. Lakini lazima mtu akae chini aviambie, na mtoa huduma asiyejua kufanya hivyo asituuzie simu. Akajifunze kwanza.

Ya pili ni umeme. Mlingoti ukizima, simu imezima. Mtu asije akaiita hii simu ya dharura na betri yake inakufa saa mbili usiku. Aandike wazi ukutani: betri yangu inakaa saa ngapi.

Ya tatu ndiyo ya jela. Simu za ndani ni kitu kimoja. Kuuza simu za kwenda MTN, Airtel au nje ya nchi ni kitu kingine, kinahitaji leseni na makubaliano ya kuunganishwa, na UCC si watu wa kucheza nao. Kuna vijana wanashawishiwa kuweka lile sanduku la laini nyingi, wapokee simu za ng'ambo kwa intaneti na kuzitoa kama simu za hapa. Hiyo si biashara, ni kesi. Na mkimbizi akishikwa, yule aliyempa sanduku huwa hapatikani. Anayetaka kuuza simu za nje aingie mkataba na kampuni yenye leseni, auze kwa jina lake mwenyewe, bei ibandikwe.

Hofu yangu kubwa mimi si hizo tatu. Ni kwamba mtoa huduma akishaanza kuuza dakika, atatamani kuibana WhatsApp ili tununue zake. Kampuni kubwa zimecheza mchezo wa aina hii tangu zamani. Kenya, mwishoni mwa 2000, watoa huduma za intaneti walijenga kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, KIXP, ili barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi isizunguke ng'ambo. Telkom iliyokuwa na ukiritimba ikalalamika, kituo kikafungwa, kikarudi 2002. Na angalia bei ambayo kampuni za simu Kenya zinalipana kupokea simu ya mwenzake: hadi 2010 ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika, kufikia 2024 ni senti 41. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alilazimishwa kupunguza. Mdogo naye akipata nafasi atakuwa mkubwa, tusijidanganye kwa sababu ni kijana wa hapa.

Pia kuna rekodi. Anayeendesha sava anaona nani kampigia nani, saa ngapi. Kwa mtu aliyekimbia, orodha hiyo inaweza kuua. Uganda ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Kenya vilevile. Mtoa huduma aseme anaweka rekodi siku ngapi na nani anaziona, la sivyo hatumtaki.

Na nyinyi dada na kaka zetu wa mashirika, mnaosoma hapa kimyakimya, kuna neno lenu. Mnalipia intaneti ya ofisi kila mwezi, kisha mnatubandikia ukutani namba ambazo hazipigiki bila laini. Mkataba wenu ujao wa intaneti, ongezeni mstari mmoja: mtoa huduma aweke simu tano za mezani za bure, kwenye kituo cha afya, sokoni, kwenye dawati lenu la ulinzi na kwingine tutakapokubaliana, na betri yake ikae usiku mzima. Msimpe kazi hiyo mwenye ofisi Kampala pekee. Mpeni na huyu mwenye mlingoti hapa, tumpige maswali kila asubuhi akipita na pikipiki yake.