Haki za binadamu: mali ya Wazungu?



Kila mara mjane ananyanganywa nyumba na ndugu za marehemu, mzee mumoja anasimama katika kikao cha jamaa na kusema: «Haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Siye tuko na desturi yetu.» Na watu wanaitika. Sisi tunakataa.

Tuanze na asili yenyewe. Ni kweli, mu karne ya 17 Mwingereza John Locke aliandika kwamba mutu anazaliwa na haki ya uzima, uhuru na mali. Lakini Locke huyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza Waafrika. Tarehe 26 Agosti 1789 Ufaransa ikatangaza kwamba watu wanazaliwa huru na sawa. Watumwa wa Saint-Domingue wakabaki mu minyororo. Wao wenyewe wakaasi mwaka 1791, na mwaka 1804 wakasimamisha inchi ya Haiti. Nani basi alielewa neno lile vizuri zaidi: aliyeliandika, ao aliyelidai?

Hata Tangazo la Ulimwengu la tarehe 10 Desemba 1948 halikutungwa na Wazungu peke yao. Mchina P. C. Chang alileta hekima ya Confucius. Mama Hansa Mehta wa India alikataa neno lenye kutaja wanaume tu. Siye Wakongomani hatukualikwa: Ubelgiji ilikubali Tangazo lile, na huku kwetu fimbo ikaendelea kupiga migongo. Lakini someni kifungu cha 29: mutu ana wajibu kwa jamii yake, maana ndani yake tu anaweza kukomaa. Wazee wetu hawakusema vingine: mutu ni watu.

Na ile wanayoita desturi? Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilidai mke aombe ruhusa ya bwana yake kabla ya kufunga mapatano. Wengi waliitetea kama mambo ya mababu. Kumbe fikra ile ile ilikuwa katika sheria ya Napoléon ya mwaka 1804! Kwetu ilifutwa mwaka 2016, na kuna wanaoililia hata leo.

Basi tuache kuuliza haki ilitoka wapi. Tuulize: mjane ni mutu, ao hapana? Kama ni mutu, arudishiwe nyumba yake. Mengine ni maneno tu.